Mwanafunzi mgeni asiachiwe dalali

Kila mwaka wa masomo unapoanza, kati ya Oktoba na Novemba, Dar es Salaam hupokea vijana kutoka Bujumbura, Bukavu, Moroni, Juba na miji mingine ya ukanda huu waliopata nafasi katika vyuo vyetu. Wanafika wakijua ada ni kiasi gani, vyeti gani vinatakiwa na mwisho wa kujisajili ni lini, kwa sababu chuo kimewaandikia. Kuhusu mahali pa kulala, wengi wanajua jambo moja tu: hosteli hazitoshi, na asiyepata kitanda atafute chumba mtaani. Huko mtaani, anayempokea mgeni huwa ni dalali. Nasema utaratibu huu ni mbovu, na kwamba vyuo pamoja na serikali za mitaa vinaweza kuubadilisha bila kusubiri fedha za kujenga hata jengo moja. Vyumba vipo. Kinachomshinda mwanafunzi mgeni ni masharti ya kuviingia, na masharti yanaweza kupangwa upya na watu waliokubali kukaa meza moja.

Chukua Tandale. Kata hii ya Kinondoni ina mitaa sita, yaani Kwa Tumbo, Mkunduge, Mtogole, Muhalitani, Pakacha na Sokoni, na sensa ya mwaka 2012 ilikuta humo zaidi ya watu 50,000. Ukivuka Sinza unafika Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na jirani yake Chuo Kikuu Ardhi. Ukitokea Manzese unapanda basi la mwendokasi la Barabara ya Morogoro hadi mjini, penye vyuo vya IFM, DIT na CBE. Nyumba nyingi za hapa ni zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba vinatazamana pande mbili, na uani kuna choo, bafu na pipa la maji. Mara nyingi mwenye nyumba anaishi humohumo, na wapangaji wanachangia umeme wa LUKU kwa idadi ya vyumba au ya vifaa. Maisha haya yana karaha zake. Mwenye friji na mwenye taa moja hubishana kila umeme unapokata, na foleni ya bafu asubuhi haijali nani ana mtihani. Lakini ni maisha yenye watu, na anayeumwa usiku hugundulika alfajiri. Wanafunzi wanayajua siku nyingi. Wanapanga vyumba hivi, wanaviita mageto, na kutokea humo wanapata shahada zao.

Sasa tazama gharama ya kuingia. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi, choo cha nje. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 360,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, hiyo ni 60,000 nyingine, na kabla ya hapo amekwisha kuchukua hela ya kumzungusha mteja, hata kama vyumba vyote alivyomwonyesha havikufaa. Ongeza godoro, neti, ndoo, jiko dogo la gesi na kufuli jipya, na mwanafunzi atahitaji karibu nusu milioni ndani ya wiki ya kwanza kwa chumba ambacho ukikigawa kwa siku ni shilingi 2,000. Kodi yenyewe angeimudu; unaomvunja ni mkupuo. Tena akishalipa, nguvu yake ya kudai imekwisha. Mvua za masika zikiingiza maji ndani, au choo kikifurika, hawezi kuhama kwa sababu fedha yake imeshatumika. Mkataba alioujaza, ambao mara nyingi ni fomu ya kununuliwa steshenari, humkumbusha asivunje kitu, asichelewe kulipa na atoe notisi kabla ya kuondoka. Juu ya kurudishiwa kodi iliyobaki pale chumba kinapokuwa hakikaliki, kwa kawaida fomu hiyo iko kimya.

Mwanafunzi Mtanzania naye anaumia kwa utaratibu huohuo, ila ana mahali pa kushikia. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupata fedha ya chakula na malazi ambayo mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na fedha hiyo, ambayo wanafunzi huiita bumu, ikitoka anaweza kulipa hata kwa kujinyima. Ana shangazi Mbagala au kaka Tabata wa kumhifadhi wiki mbili, na akikosa kabisa atabebwa na rafiki hosteli, wawili kitanda kimoja. Mgeni hana hayo. Mkopo wa Bodi ni kwa raia. Hana barua ya utambulisho kutoka mtaa aliotoka, hana kitambulisho cha NIDA, hana mdhamini ambaye mwenye nyumba anamfahamu. Kiswahili chake cha Bukavu au Bujumbura kinaeleweka, lakini lafudhi inamtambulisha kabla hajauliza bei, na bei inayofuata huwa ya mgeni. Ndiye anayeshawishika kutuma fedha kwa simu kushikiliwa chumba ambacho hajakiona, na ndiye anayefika na kukuta chumba kina mtu tangu mwezi uliopita. Akiibiwa hivyo, hajui aanzie kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi, na anaogopa kuuliza kwa kuwa hati zake za ukaazi bado zinashughulikiwa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo chetu kikuu cha kwanza, cha Dar es Salaam, kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba na kuhamia Mlimani mwaka 1964, na mabweni yalijengwa kama sehemu ya chuo chenyewe. Tangu mwaka 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na wanafunzi kutoka nje ya nchi walikuwa jambo la kawaida. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, alitoka huko kuja kusoma hapo mwaka 1967. Waliokijenga chuo kile hawakuona tofauti kati ya kumpa mwanafunzi nafasi darasani na kumpa kitanda. Vyuo vilipopanuka na idadi ya wanafunzi kuongezeka mara nyingi, vitanda havikufuata. Juhudi zimekuwapo, na zinastahili sifa: hosteli ya Mabibo ilipunguza msongamano, na majengo 20 yaliyofunguliwa Mlimani Aprili 2017 yaliongeza nafasi 3,840 kwa gharama ya shilingi bilioni 10. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pekee kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na jiji lina vyuo vingine vingi, kuanzia Muhimbili hadi Chang'ombe na Gongo la Mboto. Anayesubiri zege liwatoshe wote atasubiri vizazi kadhaa, na kila kizazi kitapita mikononi mwa dalali.

Upande wa sheria pengo linaonekana wazi. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu katika alichopanga, lakini kodi ya miezi sita au mwaka mzima imebaki desturi inayolalamikiwa bungeni na kuendelea mtaani. Wenzetu wamejaribu njia zinazoeleweka. Ujerumani, tangu Juni 2015, ujira wa dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa na aliyemtuma kazi; mwenye nyumba akimtuma dalali, mwenye nyumba ndiye anayemlipa. England, tangu Juni 2019, mawakala hawaruhusiwi kumtoza mpangaji ada za kumtafutia nyumba, na amana kwa nyumba nyingi haizidi kodi ya wiki tano. Kanada nayo imetoa onyo. Ilikaribisha wanafunzi wa kigeni kwa wingi bila kuuliza watalala wapi, nyumba zikawa chache, na Januari 2024 serikali ikatangaza kupunguza vibali vipya kwa asilimia 35, hadi takriban 360,000. Waliofungiwa mlango ni vijana ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Nchi inayodahili bila kupanga malazi huishia kumlaumu mgeni kwa uhaba ambao hakuuleta.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinaanzia chuoni. Kwanza, Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi katika kila chuo iwe na daftari la vyumba vilivyokaguliwa katika kata zinazokizunguka chuo, likiandaliwa pamoja na watendaji wa mitaa na serikali ya wanafunzi. Anayekwenda kukagua aangalie mambo yanayohesabika: maji yanafika wapi wakati wa mvua, choo kinatumiwa na watu wangapi, dirisha lina nondo na wavu, umeme unachangiwaje. Pili, mwenye nyumba anayeingia katika daftari akubali mkataba mmoja: kodi ya mwezi kwa mwezi, amana ya mwezi mmoja, na kurudisha kodi iliyobaki endapo chumba hakikaliki. Chuo kiwe mdhamini, ili mwanafunzi akitoroka na deni mwenye nyumba asipoteze, na mwanafunzi huyo asipate cheti hadi alipe. Tatu, dalali akihusika alipwe na mwenye nyumba aliyemtuma. Nne, mgeni anayetoka nje ya nchi atengewe kitanda hosteli kwa mwezi wake wa kwanza, atafute chumba kwa macho yake mwenyewe mchana, bila kukimbizwa na begi mkononi. Barua ya chuo itambulike katika ofisi ya mtaa badala ya ile ya utambulisho ambayo mgeni hawezi kuwa nayo.

Atakayesema kazi hiyo haiwezekani katika mtaa usiopimwa, akumbuke kilichofanyika Tandale yenyewe. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliungana na wakazi wa kata hii, wakatembea vichochoro vya mitaa yake yote sita wakiwa na vifaa vya GPS, wakachora barabara, mifereji, vyoo, visima na madampo ya taka katika ramani ya wazi ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuitazama. Mradi wa Ramani Huria uliofuata mwaka 2015 ulitumia tena wanafunzi na wakazi kuchora maeneo yanayofurika katika kata nyingi za jiji. Kwa hiyo ujuzi upo, vijana wa kuifanya kazi wapo, na wakazi wamekwisha kuonyesha kwamba mtu akija kwa heshima na kueleza anachotaka watamsaidia. Kinachokosekana ni chuo kuona kwamba ramani ileile iliyosaidia kupanga mifereji inaweza kumwonyesha mwanafunzi nyumba gani iko salama na ipi iko katika bonde la Mto Ng'ombe.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Tandale haifai: ni uswahilini, kuna mafuriko na wizi, na chuo kinachomwelekeza mgeni huko kinajivunjia hadhi. Mafuriko ni ya kweli, ingawa Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam umejenga barabara na kuimarisha kingo za mto katika eneo hili. Wizi ni wa kweli pia, kama ulivyo Sinza na Mikocheni. Lakini hoja hii inasahau kwamba wanafunzi wako Tandale tayari, wamepelekwa na bei. Swali lililo mbele ya chuo ni kama wakae kwenye nyumba ambayo mtu ameikagua, au yoyote iliyokuwa na faida kwa dalali. Tandale ni sehemu ya mji iliyojengwa na watu wenyewe wakati mipango ya mji ikiwaacha nje, kwani jiji hili lilirithi kutoka kwa wakoloni mgawanyo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Chuo kinachoona aibu mwanafunzi wake kuishi hapa kinatoa hukumu juu ya maelfu ya wakazi wanaolea watoto wao hapa na kuwapeleka shule wakiwa wasafi kila asubuhi.

Pingamizi la pili linatoka kwa mwenye nyumba, na lina uzito. Huyu mara nyingi ni mama mjane au mstaafu mwenye nyumba moja, na kodi ya miezi sita ndiyo inayolipa ada ya mjukuu, inayobadilisha bati lililotoboka na kulipia kunyonya choo. Ukimtaka apokee kwa mwezi, umemwondolea akiba pekee anayoijua. Tena amewahi kuachiwa chumba kimefungwa kwa kufuli, deni ndani. Ndiyo maana pendekezo hili haliwezi kusimama bila dhamana ya chuo. Mwenye nyumba aliye katika daftari atapata kitu ambacho mkupuo haujawahi kumpa: uhakika wa mpangaji kila mwaka wa masomo, na taasisi ya kuidai pale mtu anapotoroka. Akihitaji fedha kwa pamoja kwa ajili ya ukarabati, SACCOS au benki inaweza kumkopesha kwa kutazama mkataba wenye mhuri wa chuo, jambo ambalo fomu ya steshenari haiwezi kulifanya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Utaratibu wa haki ndio unaohakikisha kwamba fedha ya mgeni inamponya mwenyeji mwenyewe, badala ya kuishia mfukoni mwa mtu wa kati.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Wanafunzi wakiletwa kwa utaratibu, je, kodi hazitapanda na kumsukuma nje mama lishe, fundi na kijana anayebeba magunia ya mchele pale soko la Tandale? Hatari ipo. Kampala imeona namna maeneo ya Kikoni na Wandegeya yanayopakana na Makerere yalivyojaa hosteli za watu binafsi baada ya chuo kufungua milango kwa wanaojilipia katika miaka ya 1990. Kinga yake ni mambo mawili. Daftari lienee katika kata nyingi, Manzese, Mburahati, Makumbusho, Temeke kwa wanaosoma Chang'ombe, ili mzigo usiangukie mtaa mmoja. Na mkataba wenyewe uwekwe wazi katika ofisi za mitaa, kila mpangaji autumie akitaka, awe mwanafunzi au muuza genge. Mwanafunzi akipata kodi ya mwezi kwa mwezi, mama lishe naye atauliza kwa nini yeye alipe sita, na huo ndio mwanzo wa desturi kubadilika. Kumwacha mgeni akamuliwe hakumpunguzii jirani yake hata shilingi moja. Kunamfundisha dalali kwamba bei ya juu inalipika.

Mwisho wapo wanaosema tuanze na watoto wetu kwanza. Wana haki ya kusema hivyo, na ndiyo sababu daftari na mkataba ninavyovipendekeza ni vya wanafunzi wote, aliyetoka Kigoma na aliyetoka Kinshasa. Mgeni nimemweka mbele kwa kuwa ubovu wa utaratibu unaonekana kwake bila kufichwa na shangazi wala bumu. Aidha, ahadi tumekwisha kuitoa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawahesabu wanafunzi miongoni mwa watu wenye ruhusa ya kuingia na kukaa katika nchi wanachama. Tarehe 20 Mei 2017, hapahapa Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza jumuiya yao kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, kwa hiyo wanaokuja wataongezeka. Nasi tuna watoto wetu India, China, Uturuki na Ulaya. Tulichukia, na tulikuwa na haki, Aprili 2020 Waafrika walipofukuzwa kwenye vyumba walivyopanga Guangzhou, wanafunzi wakiwemo, na mabalozi wa Afrika wakaandika kulalamika. Hasira ile itakuwa na uzito zaidi ikiwa mtoto wa mwenzetu analala salama kwetu kwa bei ya haki.

Hakuna katika haya kinachohitaji sheria mpya kabla ya muhula ujao. Sheria ya ujira wa dalali na kikomo cha kodi ya kulipa mbele ije, na Bunge liifanye, lakini chuo hakina sababu ya kuingoja. Chuo kimoja kikimwita mtendaji wa kata ya Tandale na wenyeviti wa mitaa yake sita, kikawapa wanafunzi kazi ya kukagua vyumba 100 vya kwanza, na kikaweka saini yake kama mdhamini, kitakuwa kimefanya zaidi ya miaka mingi ya malalamiko. Na barua ya udahili inayokwenda Bujumbura au Moroni iwe na aya moja zaidi chini ya ile ya ada: utalala hapa, kwa bei hii, na ukipata tatizo mtafute mtu huyu. Chuo ambacho bado hakiwezi kuiandika aya hiyo kipunguze idadi ya wageni kinaowaita mpaka kitakapoweza.